Gari Linalogoma kwa Zamu: Kupima Kwanza, Spea Baadaye

Gari lililokufa moja kwa moja halimpi fundi taabu kubwa. Linavutwa mpaka gereji, linalala pale, na kasoro yake inabaki mahali pake mpaka mtu aje na mita. Linalotesa ni lile linalowaka leo na kugoma kesho. Alfajiri limegoma stendi ya Bweri, abiria wa Bunda wameshakaa na mizigo imefungwa. Dereva anazungusha ufunguo mara ya sita, linawaka. Saa nne likifika kwa fundi, linawaka kila likiguswa. Fundi anafungua boneti, anasikiliza, anafunga. Hakuna kitu. Dereva anarudi barabarani na kasoro ileile, na safari hii hata wenzake wanamwona ana maneno mengi.

Bweri ni kata ya Manispaa ya Musoma, na stendi yake ya mabasi ndiyo lango la mji kwa anayetoka Mwanza na Bunda, Tarime na Sirari, au Arusha kwa njia inayokatiza Serengeti. Kuizunguka stendi hiyo kuna maisha ya watu wanaotegemea gari liwake kwa wakati. Kuna dereva wa mchomoko, gari dogo la abiria, ambaye jioni lazima apeleke hesabu kwa tajiri, gari limefanya kazi au halikufanya. Kuna mfanyabiashara wa samaki ambaye barafu yake inayeyuka wakati fundi anatafutwa. Kuna familia inayomkimbiza mjamzito usiku kwenda hospitali ya rufaa ya mkoa, ile ya Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere iliyoko Kwangwa. Na ukielekea Mwanza, barabara inapita kando ya lango la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti. Kuzima gari maeneo hayo usiku, kisha likakataa kuwaka, si jambo la kuombea.

Zamani jibu lilikuwa kusukuma. Hiace ya gia za mkono ikisukumwa na vijana wanne inawaka. Lakini Probox, IST na Noah nyingi za siku hizi ni za otomatiki. Giaboksi yake haina presha ya mafuta mpaka injini iwe inazunguka, kwa hiyo hata wakisukuma watu kumi, magurudumu hayaigeuzi injini. Wala hakuna hendeli ya kuzungushia injini kwa mkono. Tangu Cadillac ya mwaka 1912 ilipotoka na stata ya umeme iliyobuniwa na Charles Kettering, dunia ilianza kuiaga hendeli, na Bedford na Land Rover ambazo wazee wetu walizipiga hendeli zimebaki simulizi. Leo kila kitu kimewekwa juu ya umeme wa betri, waya, swichi na stata. Mnyororo huo ukiwa na pete moja inayoshika na kuachia, gari litagoma kwa zamu.

Kasoro ya kuja na kuondoka haitafutwi kwa kubadilisha spea. Inatafutwa kwa kushuhudiwa ikiwapo na kupimwa palepale, na kazi hiyo ya kutafuta inastahili malipo yake yenyewe.

Kwa nini tunabahatisha

Chukulia Probox ya biashara iliyoanza kugoma mara mojamoja. Fundi wa kwanza anasema betri. Inanunuliwa, inafungwa, gari linakaa wiki mbili bila shida, kisha linagoma. Fundi wa pili anasema stata. Inaagizwa ya mtumba kutoka Mwanza, inafungwa, gari linatulia mwezi mzima, kisha linagoma. Sasa ni zamu ya alternata. Mwenye gari ameshatumia fedha za matairi manne, na tatizo liko palepale.

Kinachowadanganya wote ni kwamba kila kifaa kilionekana kuponya. Anayefunga betri mpya lazima afungue vibano vyake. Katika kufungua na kufunga anavisugua na kuvikaza. Anayebadilisha stata naye anachomoa betri kwanza, kisha anakaza upya waya mkubwa uliokuwa umelegea. Kilichopona ni kiungo cha waya. Sifa ikaenda kwa kifaa kipya, na barabara za vumbi za Majita na Mugango zikafanya kazi yake ya kutikisa mpaka kiungo kikalegea tena.

Si haki kumtupia fundi lawama zote. Kwa desturi ya gereji zetu, fundi analipwa akifunga. Mteja akishanunua spea, ndipo anatoa hela ya ufundi. Fundi aliyekaa saa tatu na mita mkononi, akagundua kwamba kilichohitajika ni kusafisha kibano na kukaza nati moja, anapata asante na pengine hela ya soda. Mwenzake aliyetaja stata bila kupima ameondoka na hela ya ufundi. Tukiendelea kulipa hivyo, tutaendelea kuuziwa spea, kwa sababu ndicho kitu pekee tunachokubali kukilipia.

Mkoa wetu wa Mara unaijua homa inayokuja na kuondoka kama kasoro hii. Inapanda usiku, na asubuhi mgonjwa anafika zahanati akiwa mchangamfu. Kwa miaka mingi mwenye homa alipewa dawa ya malaria kwa kukisia. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza, na kipimo cha haraka cha tone la damu kikasambaa mpaka zahanati za vijijini. Hakuna aliyesema wauguzi wa zamani walikuwa wabaya. Kilichobadilika ni utaratibu: kipimo kikatangulia dawa. Gereji zetu zinahitaji utaratibu huohuo.

Sikiliza kabla ya kufungua boneti

Kipimo cha kwanza hakihitaji chombo chochote. Ni maelezo ya dereva, yakichukuliwa kwa makini. Neno “haiwaki” peke yake halitoshi, kwa sababu linafunika matatizo yasiyofanana. Fundi anapaswa kuuliza: ulipozungusha ufunguo, ulisikia nini, na taa za dashibodi zilifanya nini?

Kama ilikuwa kimya na taa za dashibodi zikafifia au kuzimika kabisa, umeme mkubwa hautoki kwenye betri. Betri imekwisha, au kibano kimelegea, au kimeota unga mweupe na kijani unaokula risasi na shaba.

Kama zilisikika sauti za harakaharaka, tatatata, kuna umeme lakini ni mdogo. Solenoidi ya stata inavuta, mzigo wa stata unaishusha volti, solenoidi inaachia, volti inapanda, inavuta tena. Hapo anza na betri na viungo vyake. Stata yenyewe isubiri.

Kama ilisikika “tik” moja nzito na taa zikabaki zinawaka, macho yageukie stata. Ndani ya solenoidi kuna vipande viwili vya shaba ambavyo sahani ya shaba huviunganisha ili umeme upite kwenda kwenye mota. Kila unapowasha gari, cheche inavila kidogo. Vikishaliwa upande mmoja, kuna siku sahani inagusa vizuri na kuna siku haigusi. Hii ni kasoro inayojulikana sana kwenye stata za Denso zilizofungwa katika Toyota nyingi, na katika aina nyingi za stata hizo kofia ya solenoidi inafunguka, vipande vya shaba vikabadilishwa bila kununua stata nzima. “Tik” moja inaweza pia kutoka kwenye kaboni za mota zilizokwisha, ambazo mara zinashika na mara zinakwama.

Kama ilikuwa kimya kabisa huku taa za dashibodi ziking’aa kama kawaida, amri ya ufunguo haijafika kwenye stata. Hapo washukiwa ni swichi ya ufunguo, rilei ya stata, waya mwembamba unaopeleka amri, na swichi ya gia inayoruhusu gari la otomatiki kuwashwa likiwa P au N tu. Dereva akigundua kwamba P inagoma lakini N inakubali, ameshamwokolea fundi nusu ya siku.

Na kama gari linapiga stata vizuri lakini haliwaki, hiyo ni kesi nyingine kabisa: mafuta, cheche, sensa au ufunguo wenye chipu. Kubadilisha betri kwa gari la namna hii ni kutupa fedha.

Baada ya sauti, fundi aulize wakati. Linagoma asubuhi baada ya kulala? Betri inavuja chaji au imechoka. Linagoma adhuhuri, dakika kumi baada ya kuzimwa likiwa la moto kutoka Bunda? Joto la injini limepanda kwenye stata au kwenye sensa. Linagoma siku za mvua? Tafuta unyevu kwenye viungo. Linagoma baada ya barabara mbovu? Tafuta kilicholegea.

Volti zinazopotea njiani

Kipimo cha pili ni cha mita ya umeme, chombo kidogo ambacho hakuna fundi wa magari anayepaswa kukikosa. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika inasoma karibu 12.6. Ikisoma 12.2, imebaki nusu hivi. Wakati wa kupiga stata isishuke chini ya 9.6. Injini ikishawaka, kwa kawaida alternata itoe kati ya 13.8 na 14.5.

Lakini kipimo kinachotatua kesi nyingi ni kile ambacho wengi hawakifanyi: kupima volti inayopotea njiani wakati stata ikiwa na mzigo. Mita inawekwa mguu mmoja juu ya kichwa cha chanya cha betri, na mwingine kwenye nati kubwa ya stata, kisha msaidizi anapiga stata. Kama waya na viungo ni vizima, mita itasoma kidogo sana. Ikizidi nusu volti, kuna mahali pameoza au pamelegea. Kisha upande wa pili: kichwa cha hasi cha betri na chuma cha injini. Hapo hata volti 0.2 ikizidi, waya wa bodi unahitaji kufunguliwa, kusuguliwa mpaka chuma kionekane, na kukazwa.

Hesabu yake ni rahisi. Stata ya gari dogo la petroli inaweza kuvuta ampea 150. Uchafu kwenye kibano ukiweka ukinzani wa omu 0.02 tu, kiasi ambacho mita ya kawaida haiwezi kukipima kwa uhakika, volti 3 zinapotea hapo. Betri iliyoshuka mpaka 10.5 kwa sababu ya mzigo inabakiza 7.5 kwa ajili ya stata. Ndiyo maana waya unaweza kuonekana mzima kwa macho, ukapimwa ukiwa hauna mzigo ukaonekana mzima, na bado ukamwangusha dereva alfajiri.

Kwa gari linalogoma Jumatatu baada ya kukaa wikendi nzima, upimwe umeme unaovuja gari likiwa limezimwa na kufungwa. Kwa kawaida haupaswi kuzidi ampea 0.05. Redio, king’ora au kifuatiliaji kilichofungwa vibaya kikila nusu ampea, kutoka Ijumaa jioni mpaka Jumatatu alfajiri, saa 60 hivi, kimekula ampea-saa 30 kutoka kwenye betri yenye 45. Betri mpya nayo italiwa vivyo hivyo.

Kuacha shahidi ndani ya gari

Tatizo linabaki lilelile: gari likifika gereji, linawaka. Fundi mzuri hapo hasemi “gari lako halina shida”. Anaacha shahidi.

Shahidi wa kwanza ni simu ya dereva. Gari likigoma, dereva arekodi video: taa za dashibodi zikionekana, sauti ikisikika, ufunguo ukizungushwa mara tatu. Nusu dakika ya video iliyotumwa kwa fundi ina thamani kuliko maelezo ya saa nzima yaliyotolewa kesho yake.

Shahidi wa pili ni taa ndogo ya volti 12. Fundi anaunganisha waya mwembamba wenye fyuzi kutoka sehemu ya stata inayopokea amri ya ufunguo, anaupitisha mpaka kwenye dashibodi, na kuufunga kwenye taa hiyo, upande wake wa pili ukienda bodi. Kazi hii ni ya muda mfupi na vifaa vyake ni vya bei ndogo. Kuanzia hapo gari likigoma, dereva anatazama taa. Ikiwaka bila stata kuzunguka, basi ufunguo, swichi ya gia na rilei vimefanya kazi yake. Shida iko kwenye stata au waya mkubwa. Isipowaka, stata haina hatia, tafuta upande wa ufunguo. Taa moja imegawanya kesi katikati, nayo imefanya hivyo saa ileile kasoro ilipojitokeza, fundi akiwa bado kitandani.

Zipo njia nyingine za kuilazimisha kasoro ijionyeshe: kutikisa waya mmojammoja huku mita ikiwa imeunganishwa, kubadilishana rilei ya stata na nyingine yenye namba ileile, kwa mfano ya honi, kisha kuona kama kasoro imehama, kugonga stata kidogo kwa spana wakati inapogoma. Ikizunguka baada ya kugongwa, umepata ushahidi dhidi ya kaboni au shaba zake. Ugongaji huo si tiba, na dereva anayetembea na spana ya kugongea anasubiri siku ambayo haitamsaidia.

Hapa pana onyo. Tabia ya kugusisha nati za stata kwa bisibisi imewaumiza watu. Gari likiwa kwenye gia, litaruka mbele na kumkanyaga aliyeinama. Kabla ya kipimo chochote cha stata, gia iwe P au N, breki ya mkono ivutwe, na asisimame mtu mbele ya gari.

Likizunguka bila kuwaka

Gari linalopiga stata vizuri bila kuwaka nalo lina maswali yake. Taa ya usalama yenye alama ya ufunguo ikimetameta wakati wa kuwasha, chipu ya ufunguo haijasomwa; jaribu ufunguo wa akiba kabla ya kufungua chochote. Ufunguo ukifika hatua ya kwanza, pampu ya mafuta ya magari mengi husikika ikivuma kwa sekunde chache. Kwa mengine huanza stata ikizunguka. Kaboni za pampu zikichoka, pampu huacha kuzunguka ikiwa ya moto na kurudi ikipoa.

Mshukiwa mwingine mkubwa ni sensa ya krenki, inayoiambia kompyuta kwamba injini inazunguka. Ikianza kufa, mara nyingi hufa kwa joto: gari linazima au linakataa kuwaka likiwa la moto, linapumzika nusu saa chini ya mti, linawaka kama halikuwa na neno. Mashine ya kusoma kompyuta ya gari inasaidia hapa, kwa sharti moja: ichomekwe wakati gari limegoma, isome kama kompyuta inaona mzunguko wa injini. Kusoma kodi na kununua kifaa kilichotajwa ni kubahatisha kulekule kwa chombo cha gharama. Kodi inataja njia ya umeme iliyoleta taarifa mbaya. Haisemi kama kosa ni la sensa, waya au soketi yake.

Wakubwa nao walipita njia hii

Mwaka 2014 kampuni ya General Motors ya Marekani ilianza kuyaita kwa marekebisho magari yapatayo milioni 2.6 kwa sababu ya swichi ya ufunguo iliyokuwa ikiteleza yenyewe gari likiwa mwendoni, ikizima injini na kuzuia mifuko ya hewa kufumka. Mfuko wa fidia wa kampuni hiyo ulikubali vifo 124. Dalili zilikuwa zimeripotiwa kwa takriban miaka kumi, lakini kasoro ilikuja na kuondoka, na walioichunguza waliona magari ya miaka ya baadaye hayana shida, bila kujua sababu. Jibu lilipatikana pale mhandisi aliyeajiriwa upande wa familia moja iliyofiwa alipoiweka swichi ya gari lililoanguka karibu na swichi mpya ya dukani, akazifungua zote mbili. Hazikufanana ndani. Kifaa kilibadilishwa mwaka 2006 bila kubadilishiwa namba, na mabadiliko hayo yakafichika.

Kampuni yenye maelfu ya wahandisi ilipotezwa na mambo mawili ambayo gereji ya Bweri inaweza kuyaepuka kwa daftari la shule: haikuandika vizuri kilichobadilishwa, na haikukiweka cha zamani karibu na kipya na kuvitazama.

Makubaliano mapya

Kwa hiyo dereva na tajiri wake waanze kwa kubadili namna wanavyomwendea fundi. Badala ya “Fundi, niwekee stata,” aseme, “Fundi, nitakulipa kazi ya kupima, ukishaniambia umeona nini, ndipo tuzungumzie spea.” Bei ya kupima ikubaliwe mapema na ilipwe hata kama dawa itakuwa kukaza nati moja. Mwenye gari atakayeona uchungu kulipia nati iliyokazwa alinganishe malipo hayo na bei ya stata ambayo hakuihitaji.

Fundi naye akilipwa hivyo ana deni. Aonyeshe namba alizosoma kwenye mita kabla na baada. Amkabidhi mteja kifaa cha zamani mkononi. Aandike tarehe, dalili na alichokigusa, kwenye daftari linalokaa ndani ya gari, ili fundi wa kesho asianze upya. Akisema hajaona kasoro, aseme pia ameacha shahidi gani ndani ya gari.

Kwa vijana wanaojifunza umeme wa magari, iwe katika vyuo vya VETA au chini ya mti kwa fundi mzoefu, kipimo cha volti inayopotea njiani kiwe somo la wiki za mwanzo, kabla ya kufundishwa kushusha stata. Kushusha stata ni kazi ya spana na mikono. Kujua kama ilistahili kushushwa ndiyo elimu, na elimu hiyo itaota mizizi Bweri siku wenye magari watakapoanza kuilipia.